Zamu Yangu Lazima Iwe Alhamisi

Jumatatu, 11 Februari 1974

Naibu mwalimu mkuu ameondoka! Amehamishiwa Nyacheki. Asubuhi alipanda lori la ndizi pamoja na godoro lake, na kabla paredi haijaisha kiti chake kilikuwa kimekaliwa na kuku wa jirani. Nimemfukuza kuku. Nimekikalia kidogo. Ni kiti chenye mikono. Sisi wengine viti vyetu havina mikono.

Saa ya chai mkuu wetu, Bwana Cleophas Mogaka, katuita. Kasema wiki ijayo mkaguzi wa shule atakuja kutoka Kisii, atatutazama kazi, kisha atapendekeza mmoja wetu awe naibu. Kasema hivyo huku macho yake yako kwa Walter Onchiri. Kwa nini Walter? Kwa sababu ni mrefu! Kwa sababu anaongoza kwaya ya Wasabato na sauti yake inavuka mto. Mimi Thadeus Nyasani nimefundisha hapa kumzidi, cheti chetu ni kimoja, na mwandiko wangu ubaoni hauna mpinzani toka hapa mpaka Magwagwa. Lakini nani anatazama mwandiko siku hizi? Watu wanatazama urefu.

Tumbo limeniwaka tena. Nimekunywa ile dawa nyeupe ya chupa ya dukani Keroka. Haijasaidia kitu.

Cheo hiki ni changu. Nimeamua.

Jumanne, 12 Februari

Balaa la darasa la kwanza. Tangu Januari, serikali ilipofuta ada kwa darasa la kwanza mpaka la nne, watoto wamefurika kama siafu. Jemimah Kemuma, mwalimu wa la kwanza, anawakalisha mpaka madirishani. Wengine ni wakubwa, bado kidogo waote ndevu. Mimi nina la tano, la mwisho hapa kwetu. La tano bado wanalipa, kwa hiyo wangu ni wachache na wananukia sabuni. Namshukuru Mungu kila asubuhi, kimoyomoyo, wenzangu wasisikie.

Leo Jemimah kaingia ofisini, kakaa, kaanza kulia. Sauti yenyewe hana, imekauka kwa kupaza. Kasema akifika mwisho wa mwezi anaacha ualimu, bora akauze nyanya Keroka, nyanya hazimwiti mtu zote kwa pamoja.

Kila mtu akaendelea na daftari zake. Ofisi yetu ndivyo ilivyo: chumba kimoja, watu watano, hakuna anayesemezana na mwenzake. Drusilla Bochaberi wa la pili amegeuza kiti chake kikatazama ukuta. Anasema ni kwa ajili ya mgongo. Kila mtu ana chaki zake na kila mtu amezificha. Zangu ziko ndani ya soksi.

Mkuu kauliza nani anaweza kumsaidia Mwalimu Jemimah. Nikamwona Walter anaanza kunyanyuka. Mtu mrefu huchukua muda kunyanyuka. Nikasimama kwanza!

Nimesimama bila kujiandaa. Wote wananitazama. Nikafungua kinywa, likatoka hili: tufanye egesangio! Kama nyumbani. Huku Gusii nani hajawahi kulimiwa? Leo kikundi chote kiko kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba ya wote yaishe. Basi sisi tulimiane madarasa! Saa nzima kabla ya chakula cha mchana walimu wote waingie darasa moja, wasahihishe, wafundishe kusoma, wapange watoto, na madarasa mengine yasome kimya chini ya viranja.

Jemimah akaacha kulia. Drusilla akageuza kiti! Mkuu akasema hilo ni wazo. Walter akakaa chini polepole, akasema ni wazo zuri sana, akanipa mkono.

Nimemshinda mbele ya watu wote. Oyee Thadeus!

Alhamisi, 14 Februari

Leo tumepigia kura zamu. Mkuu katia vikaratasi ndani ya kofia yake, tukachomoa. Mimi Jumatatu. Wa kwanza! Walter kapata Alhamisi, huko nyuma karibu na mkia. Jemimah Jumanne, Drusilla Jumatano, Mkuu mwenyewe Ijumaa, maana la tatu limebaki bila mtu na amelichukua yeye.

Drusilla akakumbusha kwamba kwenye egesangio mwenye shamba ndiye anayelisha kikundi. Wote wakasema ndiyo, ndiyo, desturi ni desturi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Watu wanne! Na si chakula cha namna moja. Walter na Jemimah ni Wasabato, chai hawanywi, ingawa wote wawili wanailima na kuiuza. Hao ni uji wa wimbi. Drusilla na Mkuu wasipopata chai wanaumwa kichwa.

Vilevile wamemchagua Walter awe kiongozi wa kikundi, wa kupanga nani afanye nini. Nilitaka kupinga. Sikupata sababu ya haraka. Nitaipata.

Ijumaa, 15 Februari

Mungu hamtupi Thadeus. Jioni nilikuwa Keroka, nikakutana na shemeji yangu ambaye ni tarishi kwenye ofisi ya elimu Kisii. Nikamnunulia soda na mandazi. Akaninong'oneza: mkaguzi anakuja kwetu Alhamisi, tarehe ishirini na moja.

Alhamisi! Zamu ya Walter! Nimekaa pale dukani nikaiona picha nzima. Mkaguzi anaingia. Anakuta walimu wote wamejipanga ndani ya darasa la Walter, mimi nimeshika kopo la chaki, Walter amesimama katikati na ule urefu wake. Mkaguzi anatoa kalamu. Kwisha mimi!

Hapana. Alhamisi lazima iwe yangu. Mkaguzi akifika anikute mimi nimesimama mbele ya la tano langu linalonukia sabuni, na Walter pembeni amenishikia dasta.

Nimerudi nyumbani tumbo linawaka moto. Dawa imepungua.

Jumapili, 17 Februari

Kumpata Walter nimetaabika. Jana nilikwenda kwake, nikaambiwa yuko kanisani. Nikamngoja nje ya kanisa chini ya jua mpaka wimbo wa mwisho, nao walikuwa na nyimbo nyingi za mwisho. Alipotoka nikamwambia nina jambo la kazi. Akasema, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba siku ya Sabato hazungumzi kazi. Nikarudi mikono mitupu.

Leo nikawa mimi niko misani, nikamwona yeye amesimama nje ananingoja. Amekuja kwa miguu! Nikamweleza kwamba Jumatatu ni mapema mno kwangu, Gesare mke wangu hajajiandaa kupika, je, tubadilishane zamu? Akasema sawa. Hivyo tu. Hakuomba chochote.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Mtu anayekubali upesi namna hiyo ana lake. Nilipoona siwezi kujua ni lipi, nikampelekea mkungu wa ndizi, tusije tukadaiana fadhila. Akashukuru, akanipa maziwa nirudi nayo. Mtu mgumu sana huyu.

Hata hivyo Alhamisi ni yangu! Na Jumatatu, yaani kesho, ni zamu ya Walter. Darasa la nne, limejaa pomoni. Sasa, nikikosekana mimi, kikundi kitapungua, Walter ataelemewa, na Mkuu ataona kwa macho yake. Nitaugua kesho.

Jumatatu, 18 Februari

Nimeugua. Nilituma salamu shuleni kwamba tumbo limenilaza. Si uongo kabisa, tumbo ninalo.

Asubuhi ilikuwa tamu. Nililala, nikaamka, nikalala tena. Mchana nikachoma viazi vitamu nyuma ya jiko, nikavila nikimfikiria Walter na lile la nne lake. Gesare aliponiona alitikisa kichwa, akaenda zake kisimani.

Alasiri, nikiwa bado nyuma ya jiko na kiazi cha mwisho, nikasikia nyimbo. Nikachungulia. Mungu wangu! Walimu wote wanne wanateremka kwenye kilima, majembe mabegani, Walter mbele akiimba. Nilikuwa nimesahau sheria moja ya egesangio: mwenzenu akiugua, shamba lake ndilo la kwanza.

Nikaruka kitandani na kiazi mkononi. Cha moto! Nikakisukuma chini ya blanketi. Jemimah akaingia kunitazama, akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Kiazi kikaniganda tumboni. Nikapiga yowe! Jemimah akatoka mbio kuwaambia wenzake kwamba hali ni mbaya kuliko walivyodhani.

Wakaanza kupalilia chai yangu. Nikajisemea, Thadeus, wewe ni mtu wa akili. Palizi bure! Shamba lote! Gesare naye alirudi kutoka kisimani, akakuta wageni, ikabidi awapikie. Alimaliza unga wote na maharagwe ya wiki nzima. Aliponiletea maji alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Lakini jambo moja lazima niliandike. Nikiwa nimelala pale niliwasikia wanacheka. Si kidogo. Drusilla alikuwa anamwiga Mkuu anavyopiga kengele, na Mkuu mwenyewe anacheka mpaka anakohoa. Bwana Mogaka! Sikujua kwamba ana meno. Walikuwa wanacheka kwenye shamba langu, bila mimi. Iliniuma kweli, kuliko kiazi.

Nikavumilia kidogo. Nikashindwa. Nikatoka nje nimejifunga blanketi, nikatangaza kwamba nimepata nafuu. Wakashangilia! Walter akanipa jembe, nikalima nao mpaka jua likashuka, na nikamwiga Mkuu vizuri kuliko Drusilla.

Kuhusu zamu ya Walter darasani, nimeambiwa ilikwenda vizuri sana. Haidhuru.

Jumanne, 19 Februari

Leo kwa Jemimah. Walter katupangia kazi. Mkuu kuchonga penseli. Drusilla kuwashika mikono wasiojua kushika kalamu. Walter mwenyewe alitoka na kundi zima nje, wakajifunza kuhesabu kwa mawe. Mimi nikapewa ubao, niandike herufi. Walter kasema hakuna mwenye mwandiko kama wangu! Kasema mbele ya wote. Hii ni mbinu yake, lakini bado sijaifahamu.

Niliandika "a" moja, watoto wakasema aaa! Nikaandika nyingine kubwa zaidi, wakasema kwa nguvu zaidi. Nikapata raha, nikasahau kwamba saa imekwisha, ikabidi Drusilla anivute shati. Jemimah alisimama mlangoni ametulia, ananywa maji. Akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu Januari amewaona watoto wake wote kwa pamoja, sura zao.

Ametulisha ndizi na samaki wa Kendu. Baadaye ofisini watu wamekaa wakiongea tu. Sauti ya Jemimah imerudi, na kumbe anaongea sana. Drusilla amesahau kuutazama ukuta. Nimetoa chaki zangu kwenye soksi nikaziweka mezani, kwa bahati mbaya, na nikaona si vizuri kuzirudisha.

Tumbo halijauma tangu jana jioni. Dawa ile nyeupe huchelewa, lakini ikifika, inafika. Nitanunua chupa nyingine.

Jumatano, 20 Februari

Kwa Drusilla. Mambo mazuri tena. Sina nafasi ya kuandika hayo, nina msiba nyumbani.

Gesare amekataa kupika kesho! Nimemweleza kwamba kesho ni kesho, kwamba anakuja mkaguzi, kwamba akinipikia leo kesho kutwa atakuwa mke wa naibu. Akasema Jumatatu amelisha watu wanne waliokuja kumwona mgonjwa aliyekuwa anakula viazi nyuma ya jiko, na mwezi huu kazi hiyo ameimaliza. Akaniambia, Baba Nyanchera, sufuria ile pale, kuni zile pale.

Nimemenya ndizi mwenyewe. Nimejikata kidole. Wanaume wenzangu waliopita njiani wamesimama kutazama. Mmoja ameuliza kama Gesare amefariki.

Sijali. Kesho nitakuwa mbele ya darasa, suti yangu nyeusi, tai nyekundu, na Walter akinishikia dasta. Nimeyapanga yote. Chakula kitaiva asubuhi, nitakiacha jikoni, na mtu atakwenda kukichukua. Nani? Nitaona.

Alhamisi, 21 Februari

Ngoja niandike taratibu.

Mvua ilinyesha alfajiri. Nilifika shuleni na suti. La tano wanang'aa. Egesangio ikaingia: Walter, Jemimah, Drusilla, Mkuu. Mkaguzi hakuna. Nikasubiri. Watoto wakaanza kujifunza nusu na robo kwa kukata ndizi ambazo Drusilla alikuja nazo. Mkaguzi hakuna. Nikatoka mlangoni kila mara kutazama barabara ya gari. Walter akaniuliza polepole kama chakula kiko njiani, maana wenzangu tangu asubuhi hawajatia kitu tumboni.

Chakula! Nilikuwa sijamtuma mtu!

Nikaona kwamba gari halionekani popote, nina muda. Nikamwachia Walter chaki, nikakimbia nyumbani. Gesare alikuwa shambani, hakunyanyua hata uso. Nikavua koti lisichafuke, nikajifunga leso yake kiunoni, nikatengeneza ngata ya majani ya mgomba, nikajitwika sufuria. Mwanamume, mwalimu, tai shingoni, sufuria kichwani! Nikapita njia ya ndani, ya migombani, watu wasinione.

Kwenye daraja la miti nikakuta mtu mfupi mwenye miwani. Matope mpaka magotini. Ana mkoba mkubwa. Nikajua huyu ni muuza vitabu vya dini, huwa wanapita. Akaniuliza kama shule iko karibu. Nikasema iko. Akaninyooshea mkoba, akaniomba nimsaidie kuubeba, atanipa kitu kidogo.

Kitu kidogo! Damu ikapanda. Nikamwambia anitazame vizuri. Nikamwambia mimi si mchukuzi, mimi ni naibu mwalimu mkuu wa shule hii!

Akanitazama vizuri. Akauliza, kwa adabu, naibu mwalimu mkuu anafanya nini na sufuria. Kwa kuwa ni mpita njia tu, nikamweleza. Nikamwambia hapa kwetu walimu tunalimiana madarasa, na leo ni zamu yangu, kwa hiyo ninalisha kikundi. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu wiki hii, na kwamba wazo ni langu, la kichwa hiki hiki kilichobeba sufuria. Akauliza walimu wanaonaje. Nikamwambia mmoja alikuwa analia, sasa haachi kuongea. Mwingine alikuwa anatazama ukuta, sasa anatazama watu. Akaniuliza, na wewe? Nikamwambia tumbo langu limepoa, lakini hiyo ni dawa. Tukaenda hivyo tukizungumza, nikamwonyesha mahali pa kukanyaga pasipoteleza. Mtu mzuri. Msikilizaji.

Tukafika uwanjani. Bwana Mogaka akatokea mlangoni, akamwona mwenzangu, akasimama wima kama askari. Akasema, karibu sana Bwana Mkaguzi.

Sufuria ilitaka kuanguka. Sikuiachia. Nashukuru Mungu kwa shingo aliyonipa. Kumbe gari lake lilikwama kwenye matope huko chini, akashika njia ya mkato!

Mkaguzi akafuta miwani. Akasema ameletwa vizuri sana na naibu mwalimu mkuu, huyu hapa. Akasema lakini anashangaa, maana huko Kisii karatasi zinaonyesha kiti hiki kiko wazi.

Mkuu akavua kofia, akaivaa tena. Nilijua nimekwisha. Uongo mbele ya mkaguzi! Huko ni kuhamishwa mpaka mwisho wa dunia, kama si kufukuzwa. Nikamtazama Walter, mlangoni pa darasa langu, chaki yangu mkononi. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na cheo ni chake.

Walter akasema, ndiyo bwana, huyo ndiye naibu wetu.

Jemimah akasema ndiye. Drusilla akasema ndiye, na akaja kunitua sufuria. Mkuu akakohoa, akasema kwamba ni kweli, tulikuwa tumeelewana hivyo wenyewe, tukisubiri tu baraka za Kisii.

Mkaguzi akatutazama mmoja mmoja. Akasema wiki hii amepita shule nyingi, na kila penye kiti kilicho wazi amekuta walimu wameng'oana macho, wengine hata kusalimiana wameacha, na wagonjwa ni wengi kuliko wazima. Hapa ndipo mahali pa kwanza amekuta watu wamekwisha kukubaliana. Hana la kuongeza. Ataandika hivyo hivyo.

Kisha akauliza kama ndizi zile za sufuria zinamtosha na mgeni. Akala sahani mbili. Akasema aliyezipika ana mkono. Nilikubali.

NAIBU! NAIBU THADEUS NYASANI!

Gesare nimemwambia. Akasema haya. Lakini nimemwona akitabasamu akigeukia jikoni.

Ijumaa, 22 Februari

Zamu ya Mkuu, la tatu. Baadaye nikamvuta Walter pembeni, nyuma ya choo cha walimu. Nikamuuliza kinaga ubaga: anataka nini kwangu? Kwa nini alisema vile?

Akacheka. Akasema cheo hicho hakukitaka kamwe, yeye ana darasa lake na ana kwaya yake. Akasema Januari nzima alikuwa anafika nyumbani hoi, hana nguvu hata ya kuimba na wanawe, na sasa anaimba njia nzima. Aliyeanzisha jambo hilo ni mimi, hata kama nilikuwa nimelianzisha kwa sababu zangu. Akasema pia kwamba hawakuweza kuniacha peke yangu mbele ya mgeni, mimi ni mtu wao.

Halafu akaongeza, taratibu kabisa, kwamba Jumatatu walipokuwa bado kilimani waliniona nikila viazi. Wote waliniona. Wakaulizana warudi au wapalilie. Wakaona majembe wamekwisha kuyabeba.

Macho yakaniloa. Nikamshika mkono Walter, nikashindwa kuuachia. Ni vumbi la chaki, la tatu lina vumbi jingi.

Jioni nimelitafakari. Walijua kwamba ni mzima, na bado wakalima! Watu wa ajabu. Ukiwa na watu wasio na hila namna hii, mwenye akili lazima apande. Sioni angeweza kufanya nini kingine.

Jumatatu, 25 Februari

Mkuu amenitangaza kwenye paredi, kaimu naibu mwalimu mkuu. Watoto wamepiga makofi. La kwanza wamepiga kuliko wote, wale wa "aaa". Jemimah kasema hauzi tena nyanya, ataendelea na kazi. Drusilla kaniletea kitambaa alichokishona mwenyewe, cha kuweka juu ya kiti. Walter kaongoza wimbo, sauti ikavuka mto, na mara hii haikuniudhi hata kidogo.

Niseme ukweli: sijawahi kuwa na furaha hivi kazini. Ninaamka nataka kufika. Ni raha ya cheo hiyo. Wangenipa mapema ningekuwa na afya miaka yote.

Jumatano, 27 Februari

Siku ya tatu ya unaibu. Nimeanza kuona kasoro.

Leo amekuja mzazi mmoja kutoka Magwagwa, akatukuta wote tuko darasa la pili, mimi nimepiga magoti nafunga kamba ya kiatu cha mtoto. Akamuuliza Walter kama yeye ndiye naibu! Kwa sababu alikuwa amesimama! Hapo nikaelewa kwamba watu wakisaidiana namna hii hakuna mgeni anayeweza kujua mkubwa ni yupi. Inaharibu heshima. Ofisini ndiyo balaa zaidi: kelele, vicheko, chaki ziko mezani yeyote anachukua. Naibu anahitaji utulivu, akae peke yake, mlango ufungwe, watu wabishe hodi. Hivyo ndivyo mtu anavyofika mbali. Na Bwana Mogaka naye anazeeka, kikohozi kile sikipendi, kiti chake hakitakaa na yeye milele.

Kwa hiyo nimekata shauri. Egesangio imetimiza kazi yake, tunaifunga. Kila mwalimu abaki darasani kwake. Nitawatangazia rasmi, lakini si kesho. Kwanza kuna kipande cha ardhi nyuma ya shule. Walter ana msumeno, Drusilla mumewe ana mabati ya ziada, Jemimah na Mkuu wanaweza kukanda udongo. Jumatatu nitawaita kwa zamu moja ya mwisho, waje wote wanijengee chumba changu cha peke yangu.